Maharage Kumi na Tisa

Saa nne na nusu usiku, Tandala, mwezi wa saba,
baridi ile inayoweka utando wa barafu ndooni
na kubabua majani ya viazi kama moto,
nikasikia mnong'ono bweni la pili.
Mimi ndiye matroni. Nina tochi, nina kanuni:
chakula bwenini ni kualika panya.

Nikafunua blanketi la Tusekile Mwakibete.
Maharage. Mabichi. Yamepangwa juu ya daftari
kuzunguka kipande cha kiazi:
mawili, halafu manane, halafu manane,
na moja, pembeni kabisa, karibu lianguke.

"Usiyaguse, mama. Hiyo ni potasiamu."

Mimi niliishia kidato cha pili.
Jina hilo nalijua kwenye gunia la mbolea.

Kiazi ndicho kiini, akaniambia,
maharage ni elektroni.
Chumba cha ndani kinalaza wawili, hakiongezi.
Kinachofuata wanane. Kisha wanane tena
(huko mbele mambo yanapindapinda, hatujafika).
Wa kumi na tisa amekosa kitanda, yuko barazani,
na ni huyo, mama, huyo wa barazani,
anayesema wewe ni ukoo gani.

Akaondoa duara moja la manane. "Sodiamu."
Akaondoa la pili. "Lithiamu."
Nyumba inapungua vyumba,
barazani bado yuko mmoja.
Ndiyo maana kwenye jedwali wamewekwa safu moja,
wima, huyu chini ya yule,
kama sisi kwenye vitanda hivi vya deka.

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa.
Akanionyesha klorini, saba nje,
kitanda kimoja kitupu, usiku kucha anakipigia hesabu.
Sodiamu anatafuta pa kumpeleka wake.
"Wakikutana?"
"Unayo jikoni kwako, mama. Kwenye kopo la bluu."

Akanionyesha neoni, wanane kamili,
hagongi mlango wa mtu,
haazimi kiberiti, haazimishi.
Kuna nyumba ya hivyo njia ya Ikonda, naijua.

"Na heliamu?" nikauliza. Tochi ilikuwa imeanza wekundu.
"Ana wawili. Magnesiamu naye wawili nje.
Mbona huyu umempeleka kwa matajiri?"
Tusekile akakuna kichwa.
Jibu likatoka deka ya juu, ndani ya blanketi,
kwa Eliwaza niliyedhani amelala tangu saa tatu:
"Nyumba yake chumba kimoja, matroni.
Vitanda viwili. Kimejaa."

Basi nikauliza la mwisho.
Mwalimu Chaula aliwahi kutia sodiamu kwenye karai,
ikakimbia juu ya maji ikilia kama nyuki.
Potasiamu alikataa hata kuigusa.
Kwa nini, ikiwa ni ndugu?

"Wa barazani kwake yuko mbali zaidi na kiini.
Katikati kuna kuta nyingi. Kiini kinavuta,
lakini mvuto unamfikia umechoka.
Kidogo tu, ameondoka."

Sikumwambia kwamba Lugano wangu yuko Tunduma,
wa mwisho kuzaliwa, anabadilisha fedha mpakani,
na kwamba tangu Pasaka hajapiga.

Nikakusanya maharage. Kanuni ni kanuni.
Jikoni, kwa mwanga wa makaa, nikayahesabu
kabla ya kuyatia sufuriani na yale ya kesho:
mawili, manane, manane.
Nikarudia. Kumi na nane.
Hakuna wa barazani.

Alfajiri, nikifagia bweni la pili,
nikalikuta mlangoni, hatua tano kutoka kitandani,
limeviringika lenyewe mpaka kwenye kizingiti.
Nikaliokota, nikalitia mfukoni mwa aproni.
Kisha nikaangalia salio la simu.